Tandiko Jepesi Lapimwa na Nini?

Tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na mashairi, tukasahau kwamba kila kitu kilichotengenezwa na mkono wa mtu kina hoja ndani yake. Jembe lina hoja kuhusu udongo na mgongo wa mkulima. Ngalawa ina hoja kuhusu bahari. Kwa hiyo msomaji asistaajabu nikitumia kurasa hizi kuhakiki kifaa cha kuwindia kulungu katika misitu ya Michigan, huku Marekani ninakoishi, kifaa ambacho wengi wa wasomaji wangu hawajakiona wala hawatakihitaji. Hoja iliyomo ndani yake inatuhusu sote. Ni hoja ya wepesi: kitu kikipunguzwa uzito, uzito ule huenda wapi?

Kwanza tuelewane kuhusu mnyama. Nasema kulungu kwa kuwa ndilo jina tulilompa mnyama huyu wa Marekani mwenye mkia mweupe, ingawa kulungu wa misitu yetu ni mwingine kabisa. Wa kwetu hubaki na pembe zake maisha yote. Huyu wa huku huziangusha kila mwaka na kuota nyingine. Kinachowaunganisha ni woga. Wote wawili husikia na kunusa kuliko mtu, na wote wawili hawana desturi ya kutazama juu mara kwa mara. Ndiyo maana anayemwinda kwa upinde hupanda mtini.

Kupanda mtini si jambo geni kwetu. Mkulima anayewinga ndege hujenga dungu shambani. Mwindaji wa Marekani naye ana dungu lake, ila ni la alumini au chuma, na hulibeba mgongoni kama konokono. Aina moja hupandishwa mtini hatua kwa hatua pamoja na mwenyewe, na uzito wake aghalabu ni kilo 9 hivi. Tandiko ndilo lililokuja kulipindua dungu. Wamarekani wanaliita kwa jina lile lile la tandiko la farasi, nami nitafuata. Ni mkanda mpana wa kitambaa kigumu au wavu, unaozunguka kiuno na kupita chini ya makalio, wenye vitanzi vya mapajani. Kwenye nyonga mbili kuna masikio yanayounganishwa kwa kamba fupi iitwayo daraja. Daraja hushikwa na kamba nyingine iliyofungwa kwenye shina, usawa wa kichwa au juu yake kidogo. Mwindaji akishafika mita tano au sita hukanyaga kibao kidogo kilichobanwa mtini, akajiachia nyuma huku uso ukiuelekea mti, akakaa kama mtu aliye kwenye bembea.

Tandiko lenyewe si jipya. John Eberhart, mwindaji na mwandishi wa hapa hapa Michigan, amekuwa akilitumia kwa miongo kadhaa, na mwaka 2003 yeye na mwanawe Chris walitoa kitabu kizima kuhusu kuwinda kulungu waliokwisha kusumbuliwa na watu. Miaka mingi walioliamini walikuwa wachache, wakaonekana watu wa ajabu. Mambo yaligeuka kuanzia mwaka 2018, kampuni ya Tethrd ilipoanza na nyingine zikafuata. Tangu hapo soko limejaa matandiko, vibao, vijiti vya kupandia, kamba na vibano. Na kama ilivyo kawaida ya soko, mashindano yalipoanza ilitafutwa sifa moja inayoweza kuandikwa kwa tarakimu. Sifa hiyo ikawa uzito. Kila mwaka kitu kinapungua aunsi mbili, na kila aunsi ina tangazo lake.

Sitaki kuudharau uzito. Anayewinda kwenye ardhi ya umma ana haki ya kuuogopa. Michigan ina karibu ekari milioni 4 za misitu ya jimbo, na juu ya hizo kuna Huron-Manistee, msitu wa taifa wenye karibu ekari milioni moja. Ardhi hiyo ni ya kila mtu, na kwa sababu ni ya kila mtu, mita mia chache za kwanza kutoka barabarani zimekanyagwa na kila mtu. Kulungu si wajinga. Baada ya siku chache za msimu wa upinde, unaofunguliwa tarehe 1 Oktoba, wanakuwa wamejua watu wanaegesha magari wapi. Anayetaka kuwaona lazima atembee kilomita moja, pengine mbili, apite kinamasi na vichaka vya miiba, tena gizani. Tena sheria haimruhusu kupigilia misumari wala skrubu mtini, na kuacha dungu porini hakumfanyi mtu kuwa mwenye mahali pale. Kwa hiyo busara ni kuingia na kila kitu na kutoka na kila kitu, siku ile ile. Katika hali hiyo haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kikijaa kinauma bega.

Hata hivyo tumkumbuke mkwezi wa pwani. Mkwezi hupanda mnazi kwa kitanzi cha kamba miguuni, au kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Vidato vile ndivyo ngazi nyepesi kuliko zote duniani, kwa kuwa havibebwi kabisa. Lakini uzito wake haukupotea. Mnazi ndio unaoubeba, kwa kovu moja juu ya jingine. Sheria ya Michigan inayokataza skrubu inasema jambo lilo hilo kwa lugha ya kiserikali: usiutue mzigo wako juu ya mti wa watu wote. Hapa ndipo ninapopata kipimo changu. Uzito hauondoki, huhamishwa. Kila ninapoambiwa kifaa fulani ni chepesi kuliko kilichokitangulia, nauliza kimemtwisha nani.

Tuanze na mizani yenyewe. Tandiko linatangazwa kuwa na nusu kilo. Ukisoma kwa makini unakuta nusu kilo hiyo ni ya kitambaa peke yake. Kamba ya mti haimo, kamba ya kupandia haimo, wala karabina, wala vibano, wala vifuko viwili vya pembeni ambavyo bila hivyo kamba zitaning'inia na kunasa kila kijiti njiani. Ongeza hivyo vyote na tandiko limekwishazidi kilo moja na nusu. Ongeza kibao na vijiti vinne vya alumini, kila kimoja karibu kilo moja, umekaribia lile dungu ulilolikimbia. Nasikitika zaidi kwa wahakiki wa vifaa, ambao kazi yao ilikuwa kutufichulia jambo hili. Wengi wao huweka kifaa kimoja kimoja juu ya mizani ya jikoni, wakasoma tarakimu na kupiga picha. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mhakiki ambaye hajalibeba begi zima hadi kwenye mti na kulirudisha anatusomea uzito wa usufi.

Baada ya mizani, mwili. Matandiko mepesi kabisa yamepata wepesi wao kwa kupunguza upana wa kitambaa na kuondoa mito. Dukani hutaona tofauti. Utajining'iniza dakika mbili, utatabasamu na kulipa. Saa ya tatu mtini ndipo nyonga zinapobanwa, magoti yakachoka kuukandamiza mti, ukaanza kujigeuza upande huu na huu. Kulungu haoni rangi kama tuonavyo sisi, lakini kitu kinachosogea anakiona haraka sana. Gramu mia tatu zilizoondolewa kwenye tandiko zimekuwa msogeo, na msogeo umekuwa mkia mweupe ulioinuliwa ukikimbilia vichakani. Kuna matandiko ya vipande viwili vinavyoachana, kimoja juu cha kiuno na kimoja chini cha makalio, ambayo ni mazito zaidi kidogo lakini humwezesha mtu kurekebisha mkao bila kelele. Kwa anayekaa saa mbili jioni, mkanda mwembamba unatosha. Kwa anayeingia kabla ya alfajiri na kutoka mchana, wakati wa baridi ya Novemba, kilo moja ya starehe ni nyepesi kuliko nusu kilo ya maumivu.

Baridi nayo ina uzito ambao hauandikwi kwenye matangazo. Asubuhi za Novemba huku kipimajoto hushuka chini ya sifuri. Huwezi kutembea kilomita mbili ukiwa umevaa koti zito, kwa sababu utatoka jasho, na jasho likipoa mtini litakutetemesha hadi ushindwe kuvuta upinde. Koti linabebwa begini. Koti hilo, suruali ya manyoya, maji lita moja na chakula kidogo ni kilo tano kwa urahisi. Mtu anayelipa fedha nyingi kuondoa gramu sitini kwenye kijiti, kisha akabeba kamera na mkono wake wa chuma ili ajipige picha akiwinda, hesabu yake siielewi.

Kuna kelele pia. Chuma chembamba hulia kama kengele. Vijiti vyepesi visivyofungwa utepe wa kitambaa vikigongana alfajiri tulivu, mgongano ule unafika mbali. Utepe huo huongeza gramu kadhaa, na sijaona tangazo linalojivunia gramu za ukimya. Vivyo hivyo umbo. Begi lenye kilo nane lililobana mgongoni halisumbui kama begi la kilo sita lenye vijiti vinavyotokeza pembeni na kushika kila tawi.

Yote hayo ni mambo ya starehe na mafanikio, na mtu anaweza kuyavumilia. Lipo moja lisilovumilika, nalo ndilo lililonifanya niandike. Ni kamba.

Mbio za gramu zilipomaliza kupunguza chuma na kitambaa zikageukia kamba. Kamba ya mti yenye unene wa milimita 11 na urefu wa mita 2.4 ina uzito wa gramu 190 hivi. Ya milimita 8 ina karibu gramu 105. Tofauti haifiki mayai mawili ya kuku. Sisemi kamba nyembamba ni mbovu. Zipo zilizofumwa kwa nyuzi za kisasa zenye nguvu ya kutosha na kubaki. Lakini kibano kilichoundwa kushika kamba ya milimita 11 hakiwezi kuaminiwa kwenye ya milimita 8, na fundo linaloshika moja huweza kuteleza kwenye nyingine. Baadhi ya nyuzi hizo nyepesi zina utelezi wa asili na huyeyuka zikifika nyuzi joto 150 hivi, kiwango ambacho msuguano mkali unaweza kukisogelea. Anayebadili kamba bila kubadili kibano, kwa sababu ya mayai mawili, amehamisha uzito kutoka begini na kuuweka juu ya uhai wake.

Jambo baya zaidi ni kuiacha kamba ya kupandia. Hii ndiyo inayozunguka shina na kukushika kiunoni unapopanda, kama ile ya fundi wa nguzo za umeme. Pamoja na karabina zake ni gramu mia tatu au nne, na wako wanaoiacha nyumbani wakisema kamba ya mti inatosha. Inatosha hadi utakapofika kwenye tawi. Ili kulipita tawi lazima ufungue kamba moja na kuihamishia juu yake. Mwenye kamba mbili hubaki ameshikwa na moja wakati nyingine inahama. Mwenye kamba moja, kwa muda huo, hana kamba. Na ni muda ule ule ambao mikono yake ina kazi na miguu yake iko kwenye kijiti chenye umande.

Wanaojitetea husema, hata nikiteleza kidogo kamba itanidaka. Tufanye hesabu ya shuleni. Mtu ameacha kamba yake ikilegea, akaanguka sentimita 60 kabla haijakaza, kisha kamba ikamsimamisha ndani ya sentimita 10 nyingine. Nguvu ya wastani itakayomvuta ni mara saba ya uzito wake. Mwenye kilo 90 atashikwa kana kwamba ana kilo 630, na hizo zote kwenye mkanda wa kiunoni, juu ya uti wa mgongo. Kamba hizi zimeundwa zisivutike sana, kwa hiyo zenyewe hazimsaidii. Kinga ni moja tu: kamba isilegee. Aliyekaa vizuri tandikoni, kamba yake imekaza daima, hana umbali wa kuanguka.

Na hapa ndipo ninapowalaumu wanaolisifu tandiko kuliko wanavyonikera wanaolikejeli. Wamelisifu kwa sifa isiyo yake. Wepesi si fadhila yake kubwa. Fadhila yake ya kwanza ni kwamba halichagui mti. Dungu linalopanda lenyewe linataka shina lililonyooka lisilo na matawi hadi juu. Tandiko linakubali mti uliopinda, ulioinama, wenye matawi, mnene au mwembamba kiasi, na kwenye ardhi ya umma mti sahihi ni ule ulio karibu na njia ya kulungu, hata uwe umepinda namna gani. Fadhila yake ya pili ni kwamba humfunga mwindaji mtini tangu unyayo wake wa kwanza unapoacha ardhi. Aliye kwenye dungu anaweza kusahau kujifunga na bado akakaa. Aliye kwenye tandiko hawezi kukaa bila kujifunga. Kifaa kinamlazimisha kuwa salama. Kuichukua zawadi hiyo na kuikatakata ili kupata gramu mia nne ni kama kununua mwavuli kisha kuutoboa ili uwe mwepesi.

Mwisho wa hesabu ni mnyama mwenyewe, ambaye matangazo humsahau kama vile hakuwa sababu ya safari. Kulungu mkubwa aliyekwisha kutolewa matumbo hufika kilo 40 au 50, na dume la kaskazini huweza kuzidi. Ukimchambua palepale, panaporuhusiwa, utatoka na kilo 20 au zaidi za nyama safi, juu ya begi ulilokuja nalo. Wakati wa kuingia tunahesabu aunsi. Wakati wa kutoka tunabeba gunia. Kwa hiyo begi linalofaa ni lile lenye mgongo imara na mikanda mipana, hata likizidi kilo moja, kwa kuwa kifuko chepesi kilichobeba vijiti vizuri asubuhi kitakuumiza kikibebeshwa paja la mnyama usiku.

Nikiulizwa basi mtu achague vipi, nitajibu kwa ufupi. Achague kwanza kamba mbili na vibano vinavyolingana nazo, asizipunguze hata gramu. Kisha tandiko, alijaribu kwa saa nzima akining'inia chini, futi moja kutoka ardhini, akiwa na nguo zake za baridi. Kisha begi. Baada ya hapo ndipo apunguze: vijiti vitatu badala ya vinne kama miti ya kwake haihitaji kimo kikubwa, kibao kidogo kama miguu yake inakubali, na aache nyumbani kamera, ndoano za ziada na kisu cha tatu. Uzito ulio bora kupunguza ni wa kitu ambacho kisipokuwepo hakuna atakayeumia.

Bado kuna mzigo mmoja, wa mfuko. Vijiti vya titani huweza kugharimu mara kadhaa ya vijiti vya alumini. Msomaji wa kwetu anamjua mwindaji kwa sura mbili: jangili, au tajiri. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Tanzania vitalu hukodishwa kwa kampuni za watalii. Huku nimekuta sura ya tatu. Katika miji kama Grand Rapids na Lansing, ambako Kiswahili cha ndugu zetu wa Kongo husikika madukani na makanisani, kibarua wa kiwandani asiye na shamba wala rafiki mwenye shamba anaweza kukata leseni, akaingia msitu wa umma na kurudi na nyama ya watoto wake. Ardhi ile ni moja ya mambo machache huku ambayo hayamuulizi mtu ana nini. Wahakiki wanapomwambia kwamba bila kilo kadhaa za titani hatafika kwa kulungu, wanaweka mlango wa duka mbele ya msitu usio na mlango. Vijiti vya alumini vya mitumba, kamba mbili mpya na miguu yenye subira vitamfikisha.

Nalipenda tandiko, na ndiyo sababu nimelisema. Lina akili kuliko matangazo yake. Muundaji wake wa kwanza aliona kwamba mtu aliyefungwa vizuri hahitaji sakafu, akaitoa sakafu, na huo ulikuwa upunguzaji wa haki, kwa kuwa kilichotolewa hakikumshika mtu. Waliokuja baadaye wanaendelea kutoa. Mnunuzi awafuate hadi watakapoigusa kamba, kisha asimame hapo.